Tupeane uzoefu: fanksheni ndefu uliifumuaje bila kuvunja mfumo?

Mleta mada: Wakuu, nadharia tumezisoma, naomba visa vya kufumua, yaani kupanga upya msimbo bila kubadilisha majibu yake. Ile fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) inayohakiki data, inapiga hesabu, inaandika kwenye hifadhidata, halafu inatuma na barua pepe: ulianzia wapi? Yangu ilikuwa ya oda, "if" (sharti) ndani ya "if" mpaka hujui bano lipi linafunga nini. Nilianza na kugeuza masharti. Oda haina bidhaa? Rudisha hapohapo. Mteja amefungiwa? Rudisha. Ngazi zikaisha, kazi yenyewe ikawa inasomeka kwa kushuka tu. Ndipo nikaanza kukata vipande.

Mzee wa Seva: Mkuu, umeruka majaribio. Sisi tulirithi fanksheni ya kukokotoa riba, aliyeiandika kaondoka na maelezo hakuacha. Tukaipitishia data ya zamani, tukahifadhi majibu yote yalivyo, hata yale ya ajabu ajabu. Kila tukikata kipande tunalinganisha. Tofauti ya senti moja, tunarudi nyuma. Jibu moja tulilodhani ni hitilafu kumbe kuna ripoti inalitegemea! Kwa hiyo kufumua kuwe na komiti yake ("commit", rekodi moja ya mabadiliko ya msimbo), kurekebisha hitilafu komiti nyingine. Ukichanganya, siku mfumo ukigoma hujui umlaumu nani.

Dada Bakendi: Niseme lisilopendwa. Nimewahi kupewa msimbo uliokwisha "kusafishwa": vipande vya mistari mitatu mitatu, majina hatua1, hatua2, kila kimoja kinapokea vigezo (data za kuingizwa) saba na kubadilisha data iliyo nje yake. Kuifuata oda moja unaruka faili kwa faili kama panzi. Bora ile ndefu ya mwanzo, angalau ilikaa sehemu moja. Tuliviunganisha tena vyote, tukakata upya kwa kufuata kazi: kukokotoa huku, kuandika kwenye hifadhidata kule. Hesabu ikaanza kujaribika bila kuwasha hifadhidata. Kipimo changu ni jina. Kama kipande hakipati jina bila kuweka "na" katikati, bado kina kazi mbili.

Kijana wa Java: Kwenye IntelliJ IDEA, programu ya kuandikia msimbo (Windows au Linux), chagua mistari, bonyeza Ctrl+Alt+M ili iwe fanksheni mpya. Itakuonyesha vigezo ambavyo kipande kitahitaji. Orodha ikiwa ndefu, ghairi, umekata pabaya.

Mleta mada: Dada Bakendi, hilo la panzi limenigusa 😂 Na vile vipimo vya ugumu mnavitumia? Kiongozi wetu anataka kila fanksheni ipite ESLint, kile chombo cha kukagua msimbo wa JavaScript.

Mzee wa Seva: Kipimo cha ugumu cha McCabe cha 1976 kinahesabu njia ndani ya fanksheni, na ESLint ukiiwasha kanuni hiyo bila kuibadilisha inalalamika zikizidi 20. Kinafaa kukuonyesha pa kuanzia. Ila "switch" (chaguo moja kati ya mengi) yenye kesi nyingi fupi inapata alama mbaya wakati hata mgeni anaisoma. Hiyo mimi siigusi, naiwekea ruhusa ya kuruka kanuni hiyo na sababu ya mstari mmoja juu yake.