"KWANI HUKUJUA?" Hivi mtu mzima unamjibuje mwenzako hivyo?

Mshika_Diski:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Ni yule bwana. Simtaji, mnamjua. Yule anayejibu swali kabla hujamaliza kuliuliza. Yule ambaye ukimuuliza saa ngapi atakwambia ukompaili saa yako mwenyewe, yaani uiunde kutoka kwenye kodi yake.

Mashine yangu ni ya BIOS ya zamani, diski ni ya MBR, yaani jedwali la partisheni (vipande vya diski) lipo sekta ya kwanza na lina nafasi nne, si zaidi. Windows kakalia tatu peke yake kama mfalme. Ya nne ni ekstendedi, yaani boksi la kuwekea partisheni nyingine; ndani yake kuna Linux kwenye sda5 (partisheni ya tano) na swap, akiba ya kumbukumbu, kwenye sda6, halafu nafasi kubwa tupu imelala tu. Nikamuuliza kwa adabu zote: FreeBSD, ule mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, naweza kuiweka humo ndani? Akajibu mbele ya watu: "Partisheni ni partisheni. Iweke sda7. GRUB (kiwashio cha Linux) itoe kwenye MBR irudi sekta ya kawaida, alama ya kuwashia iondoe kwa Windows uipe ekstendedi. Kazi imekwisha."

Hakusema "nadhani". Hakusema "chukua bakapu kwanza". Kazi imekwisha!

Siku tatu, wakuu. Siku tatu nafungua mafaili ya FreeBSD kwa mkono kwenye sda7, mpaka macho yamekuwa mekundu kama nimepuliza moto wa kuni mbichi. Jana usiku nikaitoa GRUB, nikaingia fdisk (programu ya kupanga partisheni), nikaiondoa alama kwa Windows, nikabonyeza a, nikaandika 4, nikabonyeza w. Nikawasha upya.

Skrini nyeusi. Kona ya juu kushoto kuna kistari kimoja, kinapepesa. Hakuna ujumbe wa kosa wala herufi. Kinapepesa tu. Nimekaa nacho dakika ishirini nikidhani kinafikiri. Windows haiwaki, Linux haiwaki, FreeBSD ndiyo haijawahi kuwaka tangu izaliwe humo.

Nikampigia picha, nikamtumia. Unajua alinijibu nini?

"Kwani hukujua?"

Basi. Maneno mawili. KWANI HUKUJUA?

Sekta0:
Pole mkuu. Huo ushauri ni sumu. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512: 446 ni za kodi (maagizo ya prosesa), 64 ni za jedwali (nafasi nne, kila moja baiti 16), na mbili za mwisho ni saini 55 AA. Ile kodi ya kawaida inatafuta nafasi yenye alama 80, inasoma sekta ya kwanza ya hiyo partisheni, ikiona 55 AA mwishoni inarukia humo. Sasa sekta ya kwanza ya ekstendedi nayo ni jedwali, ina 55 AA vilevile, ndiyo maana haikulalamika. Ila pale kwenye kodi kwa kawaida pamejaa sifuri. Umeipa prosesa sifuri izitekeleze. Hicho kistari kingepepesa mpaka umeme ukatike.

Mshika_Diski:
Kwa hiyo alijua! Alijua pana sifuri, akanituma humo, halafu ananiuliza mimi kwani sikujua? Ningejua ningemuuliza ili iweje?

Gogo_la_Teminali:
Mwongozo wa FreeBSD wenyewe unasema iwekwe kwenye partisheni ya praimari, yaani moja ya zile nafasi nne. Upo bure, unasomeka. Siku tatu za kufungua mafaili ulizipata, dakika tano za kusoma ulizikosa? Mimi naungana na huyo bwana: kwani hukujua?

Mshika_Diski:
Wewe ndiye yeye. Umebadilisha jina tu.

Gogo_la_Teminali:
Mimi siye. Ila ningependa kuwa yeye leo.

Kinyonga_wa_Distro:
Gogo acha hizo, jamaa kaumia. Tumtendee haki lakini: kwa Linux ushauri ule ungefanya kazi, ukikamilishwa. LILO (kiwashio kingine) au GRUB unaiweka kwenye sekta ya kwanza ya hiyo ekstendedi, badala ya sifuri panakuwa na kodi, inawaka vizuri. YaST, zana ya mipangilio ya Linux ya SUSE, ina kabisa chaguo la kubuti kutoka ekstendedi. Aliyekuelekeza kakariri hilo, akadhani kila kinachofanana na Unix ni Linux. boot1, kodi ya kuwashia ya FreeBSD, inatafuta aina 165 (namba ya partisheni ya FreeBSD) kwenye zile nafasi nne za MBR. Minyororo ya ndani ya ekstendedi haiifuati. Hata ungepanga sda7 ikang'aa namna gani, isingeiona.

Mshika_Diski:
Sasa hayo maelezo ya Kinyonga yangemgharimu nini yule bwana kuyasema? Hapana. Mtu katuma picha ya skrini nyeusi saa nane za usiku, kistari kinapepesa, anajibiwa kwani hukujua. Wala hakuweka hata "pole". Pole haina leseni!

Bi_Partisheni:
Nyie mnalia na kistari. Mimi Solaris, Unix nyingine, ilinifanya nini? Partisheni yake ya x86 zamani ilikuwa aina 82. Mnajua 82 kwenye Linux ni nini? SWAP. Nimeweka Solaris yangu vizuri kwenye praimari, siku ya pili naweka Linux, kisakinishi kinaona 82, kinafurahi, "ahsante kwa swap". Kikaifomati. Kazi ya mwezi mzima. Walihamia aina BF baadaye, mimi nimeshazika.

Kinyonga_wa_Distro:
Bi, hilo limeniuma hadi mimi. Na namba zote zilizopo, walienda kugongana kwenye ileile.

Bi_Partisheni:
Na kisakinishi hakikuuliza! Angalau wa kwenu aliuliza kwani hukujua.

Mshika_Diski:
Bi, samahani, la kwako linauma lakini ule ni mgongano wa namba. Wa kwangu ni binadamu, ana vidole, aliandika "kwani", akaacha nafasi, akaandika "hukujua", akabonyeza alama ya kuuliza.

MBR_Mpaka_Kufa:
Ungekuwa na GPT, jedwali jipya la partisheni, haya yote yasingekuwepo. Nafasi 128, hakuna praimari, hakuna ekstendedi.

Sekta0:
Na jina lako ni MBR_Mpaka_Kufa?

MBR_Mpaka_Kufa:
Nililifungua kabla sijaokoka.

Gogo_la_Teminali:
Mashine yake ni ya BIOS na ana Windows. Windows haibuti kutoka diski ya GPT kwenye BIOS. Mnamtupia mtu ushauri tena bila kuuliza ana nini. Huu ndio ugonjwa wenyewe.

Mshika_Diski:
Gogo, kwa mara ya kwanza umesema neno. Huo ndio ugonjwa!

Mgeni_mpya77:
Jamani nimeingia kwa kuwa nimeona ekstendedi. Mimi nilikuwa na swap sda5 na Linux sda6. Nikafuta sda5 nipate nafasi. Sasa hivi inaniambia error: no such partition, halafu grub rescue>. Nimekufa?

Sekta0:
Hujafa. Za ndani zinahesabiwa kuanzia 5 kwa mfuatano. Umefuta sda5, iliyokuwa sda6 imeshuka kuwa sda5. GRUB bado inaitafuta msdos6, ndivyo inavyoiita ile ya sita. Andika ls kwanza, tuone.

Mshika_Diski:
Jamani tulikuwa kwa yule bwana.

Mgeni_mpya77:
Imetoa (hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos1)

Sekta0:
Safi. Moja moja, usikosee mabano:
set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Bi_Partisheni:
Natazama. Nimeshika roho.

Mshika_Diski:
Mimi mashine yangu bado inapepesa, mnajua?

Kinyonga_wa_Distro:
Mshika, washa na flashi ya Linux, maunti sda5 yako, ingia humo kwa chroot, halafu grub-install /dev/sda na update-grub. Linux itarudi, na Windows itatokea kwenye menyu kama os-prober, inayotafuta mifumo mingine, imeruhusiwa. FreeBSD mpe diski yake au mashine pepe.

Mgeni_mpya77:
MENYU IMETOKEA!!! Sekta0 ubarikiwe!

Bi_Partisheni:
Allah! Nimepiga makofi peke yangu.

Sekta0:
Usizime. Ikishawaka endesha grub-install /dev/sda, la sivyo kesho utarudi palepale.

Mgeni_mpya77:
Nimefanya. Ila sasa ikiwaka inasimama dakika moja na nusu kabla ya kuendelea, inahesabu sekunde. Tatizo nini?

Gogo_la_Teminali:
Inaisubiri swap uliyoifuta. Fungua /etc/fstab, orodha ya partisheni za kuunganishwa ikiwaka, ule mstari wa swap weka # mbele yake.

Mgeni_mpya77:
Sikujua kama inasubiri.

Gogo_la_Teminali:
Sasa umejua. Weka hiyo # uniambie.