Kinanda cha kwaya: Marekani, Kariakoo au hapahapa Mwanza?

Mwanakirumba: Wakuu, salaam. Kwaya yetu imechanga hela ya kinanda. Ndugu yangu anarudi kutoka Marekani mwezi ujao, anasema atapitia Guitar Center atuchukulie Yamaha. Mwenyekiti hataki, kasikia hilo duka lilifilisika. Katibu anataka tuagize Kariakoo kije kwa basi. Mimi naona hata hapa mjini vipo. Jumapili tuna kikao, nisaidieni.

Bwiru_Boy: Bajeti? Yamaha ipi? Au unataka tupige ramli?

Sangara: Na ni cha kanisani tu au mnapiga na harusi? Mkikatiwa umeme mnatumia jenereta?

Mzee wa Besi: Mwenyekiti kasikia nusu. Guitar Center ilianza 1959 kule Hollywood ikiuza vinanda vya majumbani, magitaa yakaja baadaye. Mwaka 2007 kampuni ya uwekezaji, Bain Capital, wakainunua kwa takriban dola bilioni 2.1, sehemu kubwa hela ya mkopo, na mzigo wa deni likabebeshwa duka lenyewe. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Novemba 2020 ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai, mwaka haujaisha ikatoka, deni limepungua kwa karibu dola milioni 800. Haikufungwa. Waliofunga ni Sam Ash, duka la Brooklyn la tangu 1924. Hao 2024 walifunga matawi yote.

Bwiru_Boy: Mtu kauliza kinanda, mzee anatufundisha historia 😂

Mzee wa Besi: Si kasema mwenyekiti ana wasiwasi na duka? Soma vizuri kijana.

Mama Igoma: Msiende na majina makubwa. Sisi tuliuziwa kinanda Dar, "used ya Marekani", muuzaji anaapa kwenye simu: chomekeni tu mama, hakina shida. Kikafika na basi, kona moja imepondeka, kondakta anasema alikipokea hivyohivyo. Jumamosi ya mazoezi tukachomeka. Kikatoa sauti puu, moshi, harufu ya plastiki mpaka madhabahuni. Adapta yake imeandikwa volti 120, hapa kwetu ni 230. Kupiga simu kwa muuzaji, mara yuko msibani, mara hapatikani kabisa. Pasaka tuliimba kwa ngoma na kayamba, na mchungaji akasema tumeimba vizuri kuliko siku zote. Hapo nilitaka kulia.

Sangara: Pole mama. Ila hiyo ni adapta, si kinanda. Yamaha ndogo za PSR-E zinatumia adapta ya nje ya volti 12, unanunua ya 230 unaendelea. Kazi iko kwenye vile vikubwa vinavyochomekwa waya wa umeme moja kwa moja. Soma kibandiko cha nyuma. Na dhamana ya kule utaidai ukiwa Kirumba?

Mpiga Nyimbo: Nunueni hapahapa mjini, mkakipige kabla ya kulipa. Bonyeza kila kibao, ongeza sauti mpaka mwisho usikilize kama inakoroma. Ingawa wapigaji wa siku hizi wanajua ufunguo wa C tu, nyingine zote wanahamisha kwa kitufe.

Bwiru_Boy: Kitufe kimewekwa kitumike! Soloist akipandisha ghafla utafanyaje?

Mpiga Nyimbo: Utapiga. Ndiyo maana unaitwa mpigaji.

Mwanakirumba: Bajeti milioni moja na nusu. Kanisani, na harusi mojamoja. Mwenyekiti nimemsomea habari za 2020, kasema deni ni deni tu.

Sangara: Modeli mkuu, modeli! Bado hujaitaja.

Bwiru_Boy: @Mpiga Nyimbo njoo Jumapili Bwiru, nikupe wimbo wa F# tuone.