Kuchuja safu kwa makro: AutoFilter, AdvancedFilter au lupu?

mistari_mingi: Wakuu, nina jedwali la Excel lenye mistari kama 60,000. Nataka makro (programu fupi ya VBA, lugha ya ndani ya Excel) ichukue ile ambayo safu ya Hali ina "Wazi" au "Imesitishwa", na Tarehe ni ya mwezi huu, kisha inakili kwenye lahakazi nyingine. Sasa napita mstari mmoja mmoja kwa lupu (amri zinazojirudia) na kuficha nisiyoitaka. Inachosha kusubiri. Nibadilishe njia?

seli_tupu: Badilisha. Lupu yenyewe si nzito, uzito ni kuigusa lahakazi mara 60,000. AutoFilter, kichujio cha kawaida cha Excel, inamaliza kwa amri mbili. Hapa eneo ni jedwali lako, Field ni namba ya safu. Ya kwanza:

eneo.AutoFilter Field:=4, Criteria1:=Array("Wazi", "Imesitishwa"), Operator:=xlFilterValues

Ya pili ni ya tarehe (mwanzo ni tarehe 1 ya mwezi huu, mweziUjao ni tarehe 1 ya mwezi unaofuata):

eneo.AutoFilter Field:=6, Criteria1:=">=" & CLng(mwanzo), Operator:=xlAnd, Criteria2:="<" & CLng(mweziUjao)

Hiyo CLng, inayogeuza tarehe kuwa namba, usiiache. Ukipeleka tarehe kama maandishi, VBA huisoma kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele, na 5/3 uliyokusudia iwe Machi inageuka Mei. Baada ya hapo nakili eneo lote. Iliyofichwa na kichujio hainakiliwi.

kichwa_cha_safu: Naongezea jambo lililoniumiza. Namba ya Field huhesabiwa kuanzia kushoto mwa eneo unalochuja, si kuanzia safu A. Jedwali likianzia C, safu F ni Field 4. Mtu aliingiza safu mpya katikati, makro yangu ikachuja safu jirani bila kulalamika, nami nikafuta mistari iliyobaki. Ilikuwa kazi ya wiki nzima. Tangu siku hiyo data naigeuza kuwa jedwali rasmi (Table ya Excel) na kuandika Field:=jedwali.ListColumns("Hali").Index. Safu zihamishwe zitakavyo, kichujio kinafuata jina.

au_na: AdvancedFilter, kichujio kinachosoma masharti kutoka kwenye seli, isisahaulike. Ukitaka "Hali ni Wazi AU Kiasi kimezidi 500,000", yaani "au" inayovuka safu mbili, AutoFilter haiwezi. Huku masharti unayaandika kwenye seli: ya mstari mmoja yanaunganishwa na "na", ya mistari tofauti ni "au". Kwa xlFilterCopy matokeo yanakwenda moja kwa moja unakoyataka. Angalia mawili: mstari mtupu ndani ya eneo la masharti hupitisha kila kitu, na sharti la Wazi litabeba hata "Wazi kwa muda", kwa sababu linatafuta mwanzo wa neno. Kwenye seli andika ="=Wazi".

seli_tupu: Ni kweli, ila kwa swali lake tarehe ingebidi irudiwe kwenye kila mstari wa masharti. AutoFilter inasomeka vizuri zaidi.

mistari_mingi: Nimejaribu AutoFilter, ni kufumba na kufumbua. Ila mwezi usio na kitu, SpecialCells(xlCellTypeVisible), ninayochukulia seli zinazoonekana tu, inatoa hitilafu 1004.

kichwa_cha_safu: Hesabu kwanza seli zinazoonekana kwa WorksheetFunction.Subtotal(103, safu bila kichwa chake). Ikiwa 0, toka. Na ShowAllData, ya kurudisha mistari yote, nayo hutoa 1004 kama hakuna kilichochujwa, kwa hiyo uliza FilterMode (husema kama kuna kilichochujwa) kabla ya kuiita.

arei_tu: Kama unataka jumla tu, bila kuonyesha mistari, soma eneo lote kwenye arei (orodha ya thamani ndani ya VBA) kwa mara moja na uzungushe lupu humo kwenye kumbukumbu. Kuchuja hakuhitajiki.

mistari_mingi: Mistari naihitaji. Nimeweka ListColumns na Subtotal, mwezi mtupu umepita salama. Ahsanteni sana.