Kampuni ya kupuliza mbu na kupe, nitajuaje kama hawa si matapeli?

MamaPacha
Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo kabla sijatoa hela. Kwangu mbu wamezidi, wanauma mpaka mchana kweupe, na mbwa wetu tangu mwezi uliopita hakauki kupe, jana nimemtoa kumi na moja masikioni peke yake, mwingine nikamkuta anapanda ukuta wa chumba cha watoto nikasema basi sasa imetosha.

Leo akaja kijana wa kampuni fulani, kapendeza, kitambulisho shingoni, maneno matamu hatari. Anasema wanapuliza mara moja kwa mwezi, mbu na kupe wote kwisha, asilimia mia, na dawa yao ni ya asili kabisa haina madhara "hata mtoto akiilamba". Nikisaini leo napata punguzo, kesho halipo. Mkataba ni wa mwaka mzima na wanataka nusu ya hela mwanzoni. Nikamuuliza dawa inaitwaje, akaniambia ni fomula ya kampuni, siri ya biashara. Nina mapacha wanatambaa, mbwa, paka, na kibwawa cha samaki nje. Nimemwambia arudi keshokutwa.

Nyie huwa mnawapimaje hawa watu? Mtandaoni wana nyota tano tupu, hilo lenyewe limenitia shaka.

KobeMpole
Punguzo la leo tu? Mbu kesho wapo, na ofa kesho ipo. Usisaini.

fundi_mstaafu
Dada MamaPacha, mimi nimebeba pampu mgongoni miaka sita kabla mgongo haujagoma, nimefanya kazi kwa wazuri na kwa wababaishaji, kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Kwanza hiyo ya siri ya biashara hapo hapo ungemfungulia geti atoke. Dawa ya kuua wadudu haina siri. Kila chupa halali ina kibandiko, na kwenye kibandiko kuna jina la kemikali yenyewe, namba ya usajili wa kiuatilifu, kipimo cha kuchanganya, inatumika wapi na inaua nini. Nyingi tulizokuwa tunapulizia nje ni za ukoo mmoja, paretroidi, utakuta permethrin, bifenthrin, deltamethrin, lambda-cyhalothrin. Fundi anayejua kazi anakutajia jina bila kujing'atang'ata na ukitaka anakupa chupa uisome. Na ukishapata jina piga picha, maana siku mtoto akitapika daktari swali lake la kwanza ni hilo.

Hilo neno "asili" nalo lisikulaze usingizi. Pareto ni ua, linalimwa shambani, na bado linaua wadudu na samaki. Kikiwa na nguvu ya kuua kupe hakilambwi, awe anayelamba ni mtoto au meneja wao.

Pili, na hii ndiyo mimi ningeitumia kuliko zote: mwangalie anafanya nini KABLA ya kuchanganya dawa. Kampuni moja niliyofanya nayo kazi tulikuwa tunashuka kwenye gari, mashine inawashwa, moshi mweupe dakika kumi, mteja kafurahi kaona moshi, sahihi, tunaondoka. Ule moshi unaua mbu anayeruka wakati ule. Kesho yake wanatoka wengine majini, na palipo na joto yai linakuwa mbu ndani ya siku saba mpaka kumi hivi. Baadaye nikahamia kwa mama mmoja mkali kweli, yeye ukifika kwa mteja hugusi pampu mpaka umezunguka uwanja mzima na kijiti na tochi, unapindua ndoo, unachungulia matairi, visahani vya maua, turubai lililobonyea. Nusu ya kazi tulikuwa tunaimaliza kwa kumwaga maji tu. Wateja wengine walikuwa wanalalamika eti "mbona hamjapuliza sana".

Wewe umesema wanauma mchana, hao kuna uwezekano mkubwa ni Aedes, wale weusi wenye madoa meupe miguuni. Hao hawahitaji bwawa, kizibo cha chupa kinawatosha. Na ujanja wao ni kwamba yai linagandishwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, ukimwaga maji yai linabaki, linakaa kavu hata miezi, mvua ikinyesha linaanguliwa. Kwa hiyo ndoo unamwaga NA unasugua. Muulize huyo kijana swali hili moja, mbu wangu wanazaliana wapi. Akikwambia "kwenye majani" ujue anauza moshi. Majanini wanapumzika, hawazaliani.

PakaWawili
Naongezea la wanyama maana mimi nimelia. Walikuja kupuliza kwa jirani, kampuni siitaji, upepo ulikuwa unavuma mpaka kamba ya nguo inalala, na wao wanaendelea tu. Sisi hatukuambiwa kitu. Jioni samaki wangu walikuwa wanaelea tumbo juu. Nilipowapigia wakasema labda ni joto. Paretroidi ni sumu kali sana kwa samaki, hilo hata kibandiko chenyewe kinasema, nilikuja kusoma nimechelewa.

Na kwa sababu una paka NA mbwa sikiliza hapa: dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin usimpake paka kamwe, wala usiwaache walale pamoja mbwa akiwa bado mbichi. Paka mwili wake hauwezi kuivunja ile kitu, anaanza kutetemeka, degedege, anakufa. Mimi wa kwangu aliokolewa na daktari wa mifugo dakika za mwisho, lakini hiyo ilikuwa siku nyingine na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Kampuni ambayo haijakuuliza una mnyama gani nyumbani haifai kukanyaga kwako, mimi hapo sina mjadala.

Bwana_Jembe
Kampuni zote wezi tu. Nunua pampu, nunua dawa, puliza mwenyewe Jumamosi, kwisha. Mnapenda kutoa hela.

fundi_mstaafu
@Bwana_Jembe mkuu hapo kwenye "puliza mwenyewe" ndipo watu wanapozidisha kipimo kwa kuamini kwamba kali ndiyo nzuri. Kumwaga maji na kufyeka afanye mwenyewe, sipingi hata kidogo. Ila wenye mapacha wanaotambaa wasijifunzie kazi kwenye sakafu yao.

MamaPacha nilisahau kupe, na hapo ndipo wengi wanapodanganywa. Anayesema dawa moja, mpulizo mmoja, mbu na kupe kwisha, hajui kupe. Kupe haruki wala harukiruki, anapanda kwenye ncha ya jani anasubiri mwenye damu apite. Kwa hiyo unapuliza kingo: chini ya ua, majani makavu yaliyolundikana, nyasi ndefu zinapokutana na zilizofyekwa, njia ya mbwa. Ukiona mtu anamwagia katikati ya uwanja wenye nyasi fupi na jua kali, anamaliza tenki tu aende kwa mteja mwingine.

Na wako amepanda ukuta ndani ya nyumba. Hapo mimi moja kwa moja nawaza kupe wa kahawia wa mbwa, huyu anaweza kumaliza maisha yake yote ndani, anataga kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya fremu za milango, chini ya kitanda cha mbwa. Jike mmoja anataga mayai kwa maelfu, na mkubwa anakaa miezi mingi bila kula. Hivyo uwanja ukipulizwa hata mara ishirini halafu mbwa hajatibiwa na nyufa hazijaguswa, umetupa hela. Kampuni ya kuaminika itakwambia yenyewe "nenda kwa daktari wa mifugo siku ileile tunayokuja", na itakwambia haitoshi mara moja, watarudi baada ya wiki kadhaa kwa wale watakaoanguliwa. Asilimia mia sijawahi kuiona miaka yote sita. Tulikuwa tunaahidi kupunguza, na tunaandika kwenye karatasi kwamba wakirudi ndani ya muda fulani tunapuliza tena bure.

Kuna jaribio moja nalipenda. Mtie kupe mmoja kwenye kichupa, umwonyeshe fundi atakayekuja. Nilikuwa na mwenzangu alikuwa anaita kila kitu kiroboto. Kama hajui anachokiua, utajua hapo hapo mlangoni.

NyukiNaMimi
Waulize pia kama wanapuliza maua yaliyochanua. Jibu ni HAPANA, na hata jirani na maua wanapuliza jioni nyuki wakisharudi. Mfugaji wa nyuki mwenzangu amepoteza mizinga mitatu kwa sababu ya mtu aliyekuja saa nne asubuhi.

Halafu hizo nyota tano angalia tarehe. Zikiwa zote za wiki moja na zote zinasema "huduma bora sana asante" ni shemeji zao. Mimi nasoma za nyota mbili na tatu, pale ndipo watu wanaposema ukweli, na naangalia kampuni imejibu nini, imeomba radhi ikarudi, au imemtukana mteja.

MamaPacha
Jamani asanteni, nimejifunza zaidi ya nilivyotegemea. Mrejesho.

Kijana amerudi leo. Nimempa kichupa chenye kupe, kakitazama, kakigeuza, akasema "huyu ni mdudu wa majani dada". Nikamuuliza mbu wangu wanazaliana wapi akasema majanini 😂 fundi_mstaafu uliniandalia mtihani na majibu. Leseni akasema iko ofisini, bima hajui, jina la dawa bado siri. Nikamwambia siri yako nenda nayo.

Nikapiga simu kampuni nyingine, kapokea mama mmoja, kabla sijasema lolote yeye ndiye kaanza kuuliza: watoto umri gani, wanyama gani, kisima au bwawa lipo, majirani wanafuga nyuki? Samaki kasema kibwawa tufunike na pampu ya hewa tuizime, na upande ule hawatapuliza kabisa. Watoto na wanyama wakae mbali mpaka dawa ikauke. Kanitumia picha ya leseni na kibandiko cha dawa kwenye simu bila kuombwa mara mbili. Nilitaka waje kesho, kakataa, kasema mvua imetabiriwa na dawa itaoshwa bure, tusubiri. Mtu anakataa hela yangu! Na malipo ni baada ya kazi, kila safari kivyake, mkataba wa mwaka haupo.

fundi_mstaafu
Huyo mpe kazi. Ila usimsubiri kwa kukaa. Ndoo na visahani umeshapitia, sawa, mfereji wa paa umeangalia? Majani yakiziba pale maji yanatuama na hakuna anayechungulia.

MamaPacha
Mfereji wa paa? Hapana. Subiri nichukue ngazi.

MamaPacha
Nimepanda. Kuna maji urefu wa kidole, meusi, majani yameoza, na viluwiluwi wanajinyonganyonga humo hata sijui niwahesabu vipi. Na ni juu kabisa ya dirisha la mapacha.

Bwana_Jembe
Nina ngazi ndefu na mwiko. Nikiwa jirani ningekuja bure.