Fundi wa Katwe asajili mashine yake, au aiache iigwe?

Fundi wa Vyuma, Katwe:
Miaka minne iliyopita, hapa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, niliunda mashine ya kupukuchua mahindi. Kupukuchua sikukubuni mimi. Nilichobuni ni kibati cha ndani kinachoinuka chenyewe gunzi likikwama, ili mkanda usikatike. Kibati hicho kilinila vyuma na usingizi. Nikauza mashine tatu. Ya nne haijapata mteja, jirani wa mtaa wa pili akawa ameziegesha zake nje ya banda, zimepakwa buluu. Yangu ilikuwa kijani. Hata pale nilipokosea kulehemu kwenye mguu wa nyuma, naye alikosea palepale.

Juzi nikaenda kuuliza habari za hataza, ile karatasi ya serikali inayomzuia mwingine kuiga ulichobuni. Nikaelezwa kwa upole kwamba hupewa kitu kipya, na kitu kilichozurura sokoni miaka yote hiyo si kipya tena, hata kama aliyekitembeza ni mimi mwenyewe. Nikarudi kazini.

Sasa mnijibu. Serikali ikaze hataza mpaka huku Katwe, au ituache tuigane? Nimeibiwa, kwa hiyo mngetegemea niseme ikaze. Nasema isikaze. Tazameni mota inayozungusha mashine za kusagia unga wa posho. Nikola Tesla aliipatia hataza Marekani mwaka 1888, namba 381,968. Hataza za huko wakati huo zilidumu miaka 17, basi. Leo vijana wa hapa wanasuka mota zilizoungua bila kujua hata jina lake. Mimi mwenyewe nilijifunza kulehemu kwa kuchungulia mashine ya mzee mmoja, transfoma yake kaifunga kwa waya wa mota zilizokufa. Angenifukuza, leo ningekuwa naendesha boda.

Mwanafunzi wa uhandisi, Kyambogo:
Pole, Fundi, ila mfano wako unakugeuka. Mota hiyo iko huru kwa sababu muda wa hataza uliisha. Kabla ya hapo, George Westinghouse alilipia haki zake mwaka uleule wa 1888, akaingiza fedha na viwanda vyake. Bila karatasi ile Tesla angeuza nini? Maneno?

Na mtazame Granville Woods, Mmarekani mweusi aliyebuni telegrafu ya kuwasiliana na treni ikiwa inakwenda, hataza ya 1887. Thomas Edison, mvumbuzi mkubwa wa wakati ule, alidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Mara mbili Woods akashinda. Mtu mweusi, Marekani ya wakati ule, anamshinda Edison! Kilichomsimamisha ni karatasi.

Mwalimu wa fizikia, Jinja:
Kijana, malizia hadithi. Woods alikufa New York mwaka 1910 akiwa fukara, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina hadi 1975. Kesi alishinda, lakini kesi zilimmaliza.

Nami niongeze la James Watt, yule wa injini ya mvuke, maana wanafunzi wangu humsoma kama mtakatifu. Hataza yake ya 1769 ilihusu kupooza mvuke katika chombo cha pembeni, nje ya silinda. Mwaka 1775 Bunge la Uingereza likamwongezea muda hadi 1800. Katika miaka hiyo Jonathan Hornblower alikuja na injini ya silinda mbili, wazo zuri kabisa, akazuiwa kwa sababu haikuweza kwenda bila chombo cha Watt. Sasa sikilizeni kilichofuata, ndipo penye utamu. Hataza ilipokwisha, mafundi wa migodi ya Cornwall, huko huko Uingereza, hawakukimbilia kusajili. Kuanzia 1811 walikuwa wakichapisha kila mwezi kila injini imevuta maji kiasi gani kwa makaa kiasi gani, kila mtu akasoma kazi ya mwenzake. Ufanisi ukapanda miaka baada ya miaka. Ile ilikuwa Katwe yenye daftari.

Wakili, Nakasero:
Mwalimu amesema vizuri, ila kuna jambo wengi hawalijui. Hataza haivuki mpaka yenyewe. Mvumbuzi wa Ujerumani ambaye hakuomba Uganda, wala hakuitaja Uganda katika ombi lake kule ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, hana dai lolote hapa. Michoro yake imechapishwa, inasomwa bure. Fundi anaweza kuiunda mashine hiyo Katwe na kuiuza Mbale, mradi asiipeleke kule ilikosajiliwa. Nimewahi kuwaambia watu hivi wakadhani nawafundisha wizi.

Sheria yetu ya mali ya viwanda ni ya 2014, hataza ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Wala hatukuwa na haraka: kwa kanuni za biashara za dunia, nchi maskini kabisa kama yetu hazilazimiki kulinda hataza hadi Julai 1, 2034. Kwa mtu kama Fundi kuna cheti kidogo zaidi, naweza kukiita hataza ndogo, cha miaka 10. Hakidai uvumbuzi wa ajabu, kinadai kifaa kiwe kipya na kifanye kazi. Kibati kile kingefaa sana. Kosa lilikuwa kuuza kwanza.

Fundi wa Vyuma, Katwe:
Wakili, nikiwa na cheti, jirani akiiga, nani atamshitaki? Wewe? Kwa ada ya nani?

Wakili, Nakasero:
Hapo umenikamata.

Mama Posho, Bwaise:
Mnasema mota, mnasema Uingereza, hamjaniuliza mimi ninayenunua. Ile ya buluu niliinunua mimi, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mwezi wa pili kibati kikapinda. Nikarudi, yule kijana akaniambia, mama, hii si design yangu, mimi niliona tu. Sasa nimrudishie nani? Ningejua iko ya kijani na mwenyewe anajua kwa nini kibati kinainuka, ningeongeza pesa. Fundi, kwa nini hukuandika jina lako kwenye mashine?

Mwanafunzi wa uhandisi, Kyambogo:
Mama kasema kweli. Alama ya biashara husajiliwa pia, na ukiihuisha haiishi kama hataza.

Fundi wa Vyuma, Katwe:
Mama, sikuandika kwa sababu rangi iliisha. Nacheka lakini ndiyo hivyo. Kilete kibati nikunyooshee, sitaki pesa, nataka nione alikosea wapi.

Nimesoma yote. Bado nasema tuigane, ila kuna kitu kingine nimekiunda mwezi huu: kisanduku kinachokata mota umeme ukishuka, kabla koili hazijaungua. Sijakionyesha mtu, kiko chini ya gunia. Wakili, Jumatatu nije na mchoro au na kitu chenyewe?

Jirani wa mashine za buluu amepita asubuhi kuniazima drili. Nimempa. Gunia sikulifunua.