Naomba ushauri: Hilux ya 1979 yenye injini ya 1JZ inanishinda breki

Assalaam alaykum wakuu. Nina pikapu Hilux ya 1979, niko Unguja. Injini ya zamani ya lita 1.6 imetolewa, imewekwa 1JZ-GTE ya turbo, lita 2.5. Kuvuta inavuta, hilo sina neno.

Tatizo ni kusimama. Mbele bado ni breki za dramu. Nikitoka Bububu kwenda Mkokotoni, nikikanyaga mara mbili tatu kwa kasi, pedali inazama na usukani unavuta kushoto. Mvua ikinyesha na bodi tupu, nyuma inaserereka nikigusa tu mafuta. Springi zinajipinda, ekseli inarukaruka. Fundi ananambia nipakie viroba vya mchanga. Mimi naona breki kwanza.

Breki za diski za Hilux ipi zinaingia bila kubadili ekseli ya mbele? Na difu ya zamani (gia za ekseli ya nyuma) itahimili nguvu ya injini hii?