Kuhamia Japani na watoto: shule, bima na wiki za mwanzo

Kutoka: Mama wa wawili, Morogoro

Habari za leo ndugu zangu. Mume wangu yuko Tsukuba, anasoma uzamivu kwa ufadhili wa serikali ya Japani. Viza zetu zimetoka, mimi na watoto tunaondoka mwezi wa tatu. Mkubwa ana miaka 7, mdogo 3. Kila ninayemuuliza ananisimulia baridi na usafi wa barabara. Ninachotaka kujua ni mtoto ataingiaje shule na Kijapani hajui hata neno moja. Akiumwa usiku nifanyeje? Na mimi mwenyewe, kazi nitaruhusiwa? Nitashukuru sana.

Kutoka: Dada wa Tsukuba

Mdogo wangu, karibuni sana. Nina watoto katika shule ya msingi ya serikali hapa hapa Tsukuba, kwa hiyo nitaanza na shule, maana ndiyo itakayowashika zaidi.

Jambo la kwanza ulibebe moyoni: sheria ya elimu ya lazima huku haimhusu mtoto wa kigeni. Ukimwombea nafasi anapokelewa, ada hakuna, na vitabu vya kiada anapewa bure. Usipoomba, usitegemee kwamba kuna mtu atakuja kugonga mlango kuuliza kwa nini hasomi. Nimeona familia zilizokaa na mtoto nyumbani miezi mingi zikisubiri barua. Inaniuma, kwa sababu miezi hiyo ndiyo mtoto anapokamata lugha kwa kasi. Siku mnapokwenda kuandikisha makazi, mwambieni hapo hapo mhudumu wa ofisi ya jiji kwamba mna mtoto wa shule.

Kuandikisha makazi kwenyewe kuna siku 14 tangu mfike kwenye nyumba mtakayoishi. Kadi za ukaazi mtapewa uwanja wa ndege, anwani inaandikwa nyuma ya kadi ofisini. Msiondoke pale kabla hamjamaliza na bima ya afya ya taifa na posho ya watoto, ambayo wao huiita jido teate. Wakaazi wa kigeni nao wanaipata: kwa watoto wa umri wa wanao ni yen 10,000 kwa mwezi kwa kila mmoja. Ombeni ndani ya siku 15 baada ya kuhamia, kwani mkichelewa miezi iliyopita hailipwi. Pia mume wako atoe tamko la mapato hata kama anaishi kwa ufadhili tu. Bila tamko hilo jiji halijui kwamba kipato chenu ni kidogo, na hamtapunguziwa michango ya bima.

Turudi shuleni. Mwaka wa masomo unaanza Aprili, na darasa linapangwa kwa umri. Aliyetimiza miaka 7 kabla ya kuanza Aprili anaingia la pili, hata kama kwenu alikuwa la kwanza. Usihangaike kuomba arudishwe nyuma. Omba msaada wa lugha. Sehemu nyingi zina mwalimu anayemchukua mtoto pembeni saa kadhaa kwa wiki kumfundisha Kijapani, lakini kiasi chake kinategemea shule, kwa hiyo uliza mapema na uulize tena.

Vifaa ndivyo vitakavyokuchosha. Viatu vya ndani vya kitambaa, mfuko wa viatu hivyo, matambara ya kufutia sakafu kwa sababu watoto wenyewe ndio wanaosafisha darasa, nguo za michezo zenye jina kifuani. Kila kitu kinaandikwa jina. Kuna kisanduku cha vifaa vya kujifunzia hesabu, kina vijiti vya kuhesabia vyembamba kama njiti za kiberiti, na kila kijiti kinataka jina lake, na hata vile vidude vya kuchezea vya rangi. Keti mezani jioni na kalamu nyembamba na mwanao akusaidie. Chakula cha mchana watoto wanagawiana wenyewe kwa zamu, wamevaa kofia na aproni nyeupe. Zamu ikimwangukia mwanao, Ijumaa anarudi na aproni hiyo, uifue, uipige pasi, irudi Jumatatu. Familia inayofuata inaisubiri.

Begi la mgongoni la ngozi ni ghali sana jipya. Waulizeni majirani, maana watoto wakimaliza la sita wengi huyagawa. Na kama kipato ni kidogo kuna msaada wa jiji wa vifaa na chakula cha shule, uitwao shugaku enjo. Fomu hutolewa shuleni. Jazeni bila haya, ni haki yenu kama wakaazi.

Kuugua: bima inalipa asilimia 70 ya gharama, na kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa shule asilimia 80. Juu ya hapo jiji linatoa kadi ya matibabu ya watoto inayopunguza sana kinachobaki. Homa ya usiku, piga #8000, utapata muuguzi au daktari wa kukushauri. Ambulansi ni 119, na yenyewe haina malipo, ila hospitali kubwa za mkoa wetu hutoza ada ikionekana haikuwa dharura. Zaidi ya yote, beba kadi za kliniki za watoto zenye chanjo zote. Usiziweke kwenye begi la kupakiwa, zikae mkobani mwako.

Kutoka: Kaka wa Nagoya

Dada kasema vizuri. Naongeza la kazi. Kwa viza ya kifamilia huruhusiwi kufanya kazi hadi upate kibali cha Uhamiaji. Ombi halina malipo, na ukipata mwisho ni saa 28 kwa wiki, ukijumlisha waajiri wote. Usizidishe hata kwa kushawishiwa na bosi, kwani huangaliwa mnapohuisha viza.

Mdogo wa miaka 3: hoikuen, yaani vituo vya kulea watoto mchana, wanatanguliza wazazi wanaofanya kazi au wanaosoma, na wewe bila mahali pa kumwacha mtoto kazi huipati. Mke wangu alikwama hapo. Tulipitia yochien, yaani chekechea, ambayo haiulizi kazi ya mama. Ada yake serikali inaibeba hadi yen 25,700 kwa mwezi. Mtoto anatoka mapema mchana, lakini mama anapata nafasi ya kazi asubuhi.

Kama hamli nguruwe, mwambieni mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Shule hutoa orodha ya vyakula ya mwezi mzima pamoja na viambato, na wengi wetu tunapeleka kibakuli cha nyumbani siku zenye nguruwe.

Kutoka: Mama wa wawili, Morogoro

Mungu awabariki. Kadi za kliniki nimeshazitoa kabatini. Dada, swali moja: barua za shule kuhusu vifaa na mengine, zinakuja kwa Kijapani tupu?

Kutoka: Dada wa Tsukuba

Kijapani tupu, na zinakuja karibu kila siku. Piga picha, programu ya simu itakutafsiria ya kutosha. Penye tarehe au fedha usiitegemee peke yake, nitumie mimi nisome.